Kondo ya Nyuma: Mzizi wa Mtoto Tumboni mwa Mamaye

Msomaji wetu mmoja akaaye Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, ametuletea swali ambalo yamkini watu wengi wangependa kuliuliza, ila huona haya. Asema kwamba mkewe ana mimba iliyopita miezi saba, na asubuhi moja aliona damu katika nguo yake. Ilikuwa damu nyekundu, si nyingi, wala hakusikia maumivu hata kidogo, na kabla ya adhuhuri ilikoma yenyewe. Mama mkwe alisema ni uchafu tu unaotoka. Jirani alisema ni kazi ya kuchukua madumu ya maji. Bwana mwenyewe hakujua amsikilize nani, ndipo akatuuliza: "Ikiwa haumwi, kuna haja gani ya kusafiri?"

Jibu fupi ni kwamba haja ipo, tena siku ile ile, wala si kesho. Lakini mtu aambiwaye "nenda" bila ya kuambiwa sababu, mara nyingi haendi. Na akienda mara moja, mara ya pili hukaa. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza jambo hili tangu mwanzo wake.

Lugha yetu yenyewe hutupoteza kidogo. Twasema chakula huenda tumboni, na mtoto naye yumo tumboni, hata wengi hudhani kwamba mtoto huketi mahali pale pale panapoangukia ugali na chai. Tumewahi kumsikia mzee akimkataza binti yake kunywa uji wa moto, asije akamwunguza mtoto kichwa. Sivyo. Mtoto ana nyumba yake peke yake, iitwayo mji wa mimba, au tumbo la uzazi, nayo iko chini ya matumbo, nyuma ya kibofu cha mkojo. Mwanamke asipokuwa na mimba, mji huo ni mdogo kuliko ngumi yake, na uzito wake haufiki gramu 100. Mimba ikitimia, mji wenyewe huwa na uzito wa kadiri ya kilo moja, na ndani yake hupata nafasi mtoto, maji yake, na kondo ya nyuma, jumla kama lita tano. Hakuna kiungo kingine cha mtu mzima kikuacho hivyo na kisha kurudi karibu na hali yake ya kwanza kwa muda wa majuma sita.

Ukuta wa mji huo ni nyama yenye nguvu, nayo imefumwa kwa nyuzi zinazopishana huku na huku, mfano wa vikapu ambavyo akina mama wa Turkana husuka kwa majani ya mkoma. Mishipa ya damu hupita katikati ya nyuzi hizo. Msomaji na aiweke habari hii akilini, kwa kuwa tutairudia.

Sasa tuitazame mimba inavyoanza. Yai la mwanamke hukutana na mbegu ya mwanamume katika mrija mwembamba ulio kando ya mji, nalo huanza kugawanyika huku likisafiri. Hufika katika mji likiwa bado dogo kuliko punje ya mtama, hukuta ukuta umekwisha tandikwa utando laini wenye damu nyingi, na siku ya sita au ya saba hujichimbia humo. Utando huo huandaliwa kila mwezi. Mimba isipoingia, hutoka, nayo ndiyo hedhi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: katika yale yatokanayo na yai moja, sehemu ya ndani huwa mtoto, na sehemu ya nje huwa kondo ya nyuma. Basi kondo si kiungo cha mama. Ni kiungo cha mtoto, kilichopandwa katika mwili wa mamaye.

Kwa sababu hiyo tumeiita mzizi. Katika Turkana watu huchimba mchanga wa mto mkavu hata wakapata maji chini, na miti iliyo kando ya mto Turkwel hufanya vivyo hivyo kwa mizizi yake, ndiyo maana hukaa na majani mabichi wakati nchi yote imekauka. Kondo nayo hutuma vinyweleo vingi mno ndani ya ukuta wa mji, hufungua mishipa ya mama na kuipanua, hata damu ya mama ikawa kama kidimbwi kinachovizunguka vinyweleo vile. Kama tungeweza kuvitandaza vyote, ukubwa wake ungepita meta 10 za mraba, yaani chumba cha kulala. Lakini mimba ikitimia, kondo yenyewe ni kitu cha duara, upana wake kama sahani ya chakula, na uzito wake kadiri ya nusu kilo. Katikati yake hutoka kamba ya kitovu, ambayo mara nyingi urefu wake ni sentimeta 50 au 60, yenye mishipa mitatu: mmoja humletea mtoto damu iliyo safi, miwili huirudisha iliyotumika.

Je, mtoto hunywa damu ya mamaye? Watu wengi husema hivyo, na madaktari wa zamani pia walisema hivyo. Katika karne ya 18 daktari mmoja wa London, jina lake William Hunter, na nduguye John, waliwachunguza wanawake waliokufa wakiwa na mimba, wakaingiza nta yenye rangi katika mishipa. Waliona kwamba nta iliyotiwa upande wa mama haikupita upande wa mtoto, wala ya mtoto haikupita kwa mama. Kitabu kikubwa cha William Hunter juu ya habari hizo kilipigwa chapa mwaka wa 1774. Damu hizi mbili hukaribiana sana, lakini hazichanganyiki. Kati yao pana ngozi nyembamba mno, mfano wa watu wa ng'ambo mbili za mto wanaopitishiana mizigo bila ya wao wenyewe kuvuka. Hewa ya oksijeni, sukari, madini ya chuma, chokaa ya mifupa na maji huvuka kwenda kwa mtoto. Hewa chafu na takataka za mkojo huvuka kurudi kwa mama, naye huzitoa kwa mapafu yake na mafigo yake. Kwa hiyo kondo, muda wa miezi tisa, ni mapafu ya mtoto, na utumbo wake, na mafigo yake, vyote pamoja. Damu ya mtoto nayo imeumbwa kuishika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko damu ya mama, hata huweza kuichukua kutoka kwake.

Ngozi hiyo haina macho ya kutofautisha kila kizuri na kila kibaya. Pombe huvuka. Sumu ya tumbaku huvuka. Dawa nyingi zinunuliwazo dukani huvuka, ndiyo sababu mwanamke mwenye mimba haifai kumeza kila kidonge anachopewa na jirani. Ugonjwa wa kaswende huvuka ukamwua mtoto kabla ya kuzaliwa, nao ni ugonjwa unaoponywa kwa sindano ikiwa damu imepimwa mapema. Lakini kinga pia huvuka. Mama akidungwa sindano ya pepopunda wakati wa mimba, mwili wake hufanya kinga, na kinga hiyo humfikia mtoto kwa njia ya kondo, hata akazaliwa akiwa nayo. Huyo ndiye mtoto ambaye kitovu chake kitakatwa siku ya kwanza ya maisha yake, na pepopunda hupenda kuingilia hapo.

Kazi nyingine ya kondo ni kutuma habari. Tangu siku za kwanza hutoa namna ya majimaji yaitwayo homoni, ambayo huuambia mwili wa mama usilete hedhi, na baadaye huutuliza ukuta wa mji usikazane kabla ya wakati. Homoni ya kwanza huonekana katika mkojo, nayo ndiyo ipimwayo kwa kile kijiti cha zahanati. Zamani, tangu miaka ya 1930 hata miaka ya 1960, hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zilitumia chura wa Afrika ya Kusini: alidungwa mkojo wa mwanamke, na ikiwa mimba ipo, chura alitaga mayai kabla ya siku kupita. Vyura maelfu walisafirishwa kwa ajili hiyo. Huenda ndiye Mwafrika pekee aliyepelekwa ng'ambo kupima mimba za Wazungu.

Tumekwisha sema kwamba mzizi huu hunywa katika kidimbwi cha damu ya mama. Basi damu ikiwa haba au ikiwa na ugonjwa, mzizi utapata nini? Vijidudu vya malaria vina hila ya pekee kwa wenye mimba. Damu yenye vijidudu hunata katika kondo na kujificha huko, hata mama akapimwa kidoleni pasionekane kitu, naye pengine hana homa kali, kumbe kondo imejaa. Mtoto huzaliwa mdogo, na mama hubaki na upungufu wa damu. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo katika hatari zaidi, kwa kuwa mwili bado haujajifunza kupigana na vijidudu vya namna hiyo. Watu wa Turkana wamezoea kusema kwamba nchi yao ni kavu, na mbu ni wa watu wa ziwa Victoria na wa pwani. Lakini mbu haulizi jina la kaunti. Hutafuta maji yaliyotuama tu, na penye mto, penye bomba linalovuja, au penye mashimo baada ya mvua, hapo hupata makao. Chandarua chenye dawa ni cha Lodwar kama kilivyo cha Kisumu.

Juu ya njaa twaweza kusema kwa ushahidi wa Turkana penyewe. Wataalamu waliokaa muda mrefu pamoja na wafugaji wanaohamahama waliandika, mwaka wa 1989, kwamba watoto wa wafugaji hao hawazaliwi sawasawa katika miezi yote, bali wengi mno huzaliwa katika miezi michache ya mwaka. Ukihesabu kurudi nyuma miezi tisa, waona kwamba mimba nyingi huingia baada ya mvua ndefu, maziwa yakiwa mengi na akina mama wamepata nguvu. Yaani mwili wa mwanamke hupima akiba yake kabla ya kukubali mgeni. Lakini mgeni akiisha ingia, hawezi kuambiwa angoje mvua. Huchukua madini ya chuma hata kama mama hana ya kutosha, na mama hubaki ameparara, macho meupe, pumzi fupi akipanda kilima kidogo tu. Chakula kikipungua sana, kondo nayo hukua haba, na mtoto pamoja nayo. Katika mwaka wa 2025 posho ya wakimbizi wa Kakuma ilipunguzwa sana kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Na kambi hiyo, iliyoanza mwaka wa 1992, pamoja na makao ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya 200,000. Mwenye mimba katika nyumba yenye posho ndogo ndiye apaswaye kuzingatia zaidi vidonge vya chuma apewavyo kliniki, ijapokuwa vyaweza kumletea kichefuchefu na choo cheusi. Choo cheusi si ugonjwa. Ni chuma iliyobaki.

Mara nyingine chakula kipo, na kosa liko katika mizizi yenyewe: haikuchimba sana, mishipa ya mama haikupanuka ipasavyo. Hapo kondo hukosa damu ya kutosha, nayo hutoa sumu zinazopandisha mpwito wa damu wa mama. Kichwa humwuma bila kukoma, macho huona giza au vimulimuli, uso na mikono huvimba, na asipotibiwa huangushwa na kifafa cha mimba. Watu husema amepagawa. Hakupagawa, na ule mkanda wa kupimia mkononi, ambao baadhi ya akina mama huuona ni mchezo wa kupoteza muda, ndio uonyeshao hatari hiyo kabla haijafika.

Sasa turudi kwa yule mama wa Kakuma. Kwa kawaida kondo hushika juu katika mji au ubavuni. Mara chache hushika chini, ikafunika mlango ambao mtoto atapita. Miezi ya mwisho ikifika, sehemu ya chini ya mji huanza kutanuka na mlango kulainika, lakini kondo haitanuki. Basi mizizi michache hung'oka, na damu hutoka. Haiumi, kwa sababu hakuna kilichokazwa wala kuvunjwa, ila mizizi imeachana na udongo wake. Ndiyo maana kutoumwa si dalili ya usalama. Damu ya kwanza mara nyingi ni kidogo na hukoma, nayo ni kama mlinzi abishaye mlango. Ya pili au ya tatu yaweza kuwa nyingi kupita kiasi, pengine usiku wa manane, na hapo ndipo watu huanza kutafuta gari.

Mwenye damu ya namna hiyo asitiwe kidole ndani na mtu yeyote, awe mkunga wa kijijini au mwuguzi, mpaka kondo imetazamwa kwa ile mashine ionyeshayo picha ya mtoto. Kidole kimoja chaweza kuing'oa. Kondo ikiwa imefunika mlango kabisa, hakuna njia ya mtoto kutoka salama ila kwa kupasuliwa. Nasi twataka kuwatoa hofu wale walioambiwa mapema, katika mwezi wa tano, kwamba kondo iko chini: wengi wao, mji ukikua huivuta juu, na wakitazamwa tena mwezi wa nane huonekana hapana shida.

Kuna damu nyingine iliyo kinyume cha hiyo. Kondo imeshika mahali pema, lakini hubanduka kabla ya wakati, pengine kwa kuanguka au kupigwa, au kwa mpwito wa damu kupanda. Hapo tumbo huuma sana na kuwa gumu kama ubao, na damu yaweza kubaki ndani isionekane. Mama huyo hana hata saa za kungoja.

Kakuma si mahali pasipo na msaada: iko hospitali ya misheni, na ziko zile za kambi. Hospitali kuu ya kaunti iko Lodwar, mwendo wa kadiri ya kilometa 120. Umbali huo si mwingi kwa mtu mzima asubuhi njema. Kwa mtu anayevuja damu ni mwingi mno. Kwa hiyo mama aliyeona damu, au aliyeambiwa kondo iko chini, huambiwa akae karibu na hospitali majuma ya mwisho, hata kama ajiona mzima na mbuzi wake wanamngoja. Baadhi ya vituo vya Turkana vimejenga vibanda mfano wa manyatta ili akina mama watokao mbali wangojee humo. Pia Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri mwaka wa 2018 kwamba mama aachiwe kuchagua jinsi ya kukaa wakati wa kuzaa, hata akipenda kupiga magoti. Yule aliyekimbia zahanati kwa kuogopa kulazwa chali na akauliwe tena.

Mtoto akizaliwa, kazi ya kondo imekwisha, lakini hatari yake haijaisha. Mwisho wa mimba, zaidi ya nusu lita ya damu hupita katika mji kila dakika. Kondo ikibanduka, huacha kidonda chenye upana wa sahani, na mishipa yote iko wazi. Ni nini kiizuiacho damu? Ni zile nyuzi tulizozifananisha na kikapu: mji hukazana, nyuzi hubana, na kila mshipa upitao kati yake hukabwa kama kwa kamba. Lakini kikapu hakiwezi kukazwa ikiwa kitu kimebaki ndani. Kipande kidogo cha kondo kilichosalia chatosha kuuzuia mji usikazane. Kwa sababu hiyo kamba ya kitovu isivutwe kwa nguvu na mtu asiyefundishwa, na nusu saa ikipita kondo haijatoka, mama na apelekwe hospitali bila ya kungoja dawa za mizizi.

Katika zahanati hutolewa sindano ya kuukaza mji mara tu mtoto azaliwapo. Dawa iliyozoeleka hutaka kukaa penye baridi, na Lodwar kila mtu ajua joto lake; friji ikizimika, dawa hupoteza nguvu na hakuna aonaye. Mwaka wa 2018 ilithibitishwa kwamba dawa nyingine isiyoharibiwa na joto, iitwayo kabetosini, yafanya kazi vilevile. Na mwaka wa 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000: baadhi yao waliwekewa chini yao mfuko wenye alama za kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho, na damu ikifika alama fulani matibabu yote yalitolewa kwa pamoja bila kungojeana. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki wenye mistari, basi. Si mashine ya fedha nyingi.

Kitovu nacho kisikatwe kwa pupa. Dakika moja hata tatu damu iliyobaki katika kondo huendelea kumwendea mtoto, nayo ni akiba ya chuma kwa miezi ijayo. Kisha kikatwe kwa wembe mpya, wala kisipakwe kinyesi cha mnyama, wala majivu.

Kondo ikitoka, mkunga mwema huiweka katika sinia, huigeuza pande zote mbili, na kuipanga vipande vyake kama mtu aunganishaye kibuyu kilichopasuka, aone kama pana pengo. Asiporidhika hamruhusu mama kwenda. Akiridhika huwapa wenyewe, wakaizike kwa desturi yao.

Bwana yule wa Kakuma hatukumngojesha mpaka siku ya gazeti. Tulimjibu siku ile ile barua yake ilipofika. Ametuandikia tena kwamba mkewe yuko Lodwar kwa dada yake, karibu na hospitali. Picha imeonyesha kondo imefunika sehemu ya mlango. Hakuona damu tena, na daktari amempa siku ya kurudi kutazamwa. Anauliza kama anaweza kumpelekea maziwa ya ngamia. Apeleke, yakiwa yamechemshwa.